Mashine ya Unga na Ampli ya Mjomba

Niliposhuka treni Mpanda, likizo ya mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu, sikupokewa na mtu. Hilo halikuwa kawaida. Mjomba aliyenilea tangu darasa la nne hakuwahi kukosa stesheni. Nikabeba begi langu hadi nyumbani, nikamkuta amekaa sebuleni kwenye mkeka, miguu ameinyosha, na mbele yake ampli ya bendi ikiwa imefunguliwa mgongo. Chumba kizima kilinuka sukari iliyoungua iliyochanganyika na rangi ya mafuta.

"Karibu," akasema bila kuinuka. "Njoo unuse."

Nikachuchumaa, nikanusa. "Transfoma."

"Kumbe chuo wanafundisha kunusa."

Bendi ya mjomba ilikuwa na watu watano na ampli mbili, yale masanduku yanayochukua sauti nyembamba ya gitaa la umeme na kuifanya ijaze ukumbi. Moja ilikuwa imekufa kabla sijafika na sasa ilikuwa kabati la vikombe. Hii ya pili ilikuwa inaungua kwa mara ya pili. Niligeuza kile kijibomba cha kioo kiitwacho fyuzi, chenye uzi mwembamba ndani ambao kazi yake ni kukatika ili vitu vya maana visiungue. Kilikuwa kimeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

"Nani ameweka hii?"

"Mpiga dramu. Fyuzi ilikatika wimbo wa kwanza, watu wameshasimama kucheza. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningeacha kupiga."

"Ndiyo maana hupigi muziki."

Nilimweleza kwamba karatasi ile haikatiki, kwa hiyo badala ya fyuzi kufa ilikufa transfoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilinikalia kichwani likizo nzima.

"Sawa. Karatasi ndiyo iliyoua transfoma. Lakini fyuzi yenyewe iliuawa na nini? Tunafanya mazoezi siku nne kwa wiki, haikatiki. Tukija kwenye shughuli, watu wamejaa, wimbo wa kwanza tu, paa! Nyie mnaosoma, niambieni. Umeme unajuaje kwamba leo kuna watu?"

Swali hilo lilinifurahisha. Chuoni nilikuwa nimezoea maswali ambayo majibu yake yameandikwa nyuma ya kitabu.

Ampli ilipelekwa Tabora kwa treni ileile iliyonileta. Ikarudi baada ya wiki mbili, transfoma yake imesukwa nyaya upya, pamoja na ujumbe wa fundi: chuma cha transfoma kimechoka, hii ni mara ya mwisho, ikiungua tena fugieni kuku. Mjomba akaapa mbele ya mke wake kwamba ikiungua tena anafunga bendi, anarudi kulima mpunga. Mke wake akasema amesikia, na kwamba majembe yapo.

Kwa mjomba, kufunga bendi kungekuwa huzuni tu. Kwa mpiga solo wetu kungekuwa jambo jingine. Yeye alikuwa mmoja wa Warundi waliovuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, na sasa alikuwa na shamba la mahindi na tumbaku kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Ili atoke kwenye makazi na kuja mjini alihitaji kibali, na kibali chake kilikuwa na sababu moja: kupiga gitaa. Mjomba ndiye aliyeandika barua ya kukiomba kila kilipoisha muda. Bila ampli hakuna bendi, bila bendi hakuna barua. Mtu aliyekuwa amepiga gitaa hotelini huko kwao angebaki kuwapigia majirani zake gitaa kavu, lisilo la umeme, baada ya kufunga tumbaku, na hata hilo lilikuwa la mjomba.

Hakulalamika. Alikuja kwa baiskeli siku ya mazoezi, akafungua mfuko wake, akatoa pedali. Ilikuwa kisanduku cha bati cha kukanyaga kwa mguu, kilichofanya nyuzi zikwaruze na kulia kwa wakati mmoja. Aliinunua Kigoma kwa mwanamuziki wa ng'ambo ya ziwa, ikiwa na waya wake wa kuchomeka ukutani. Waya huo aliukata siku hiyohiyo. Badala yake alipasua mwanzi, akapanga ndani betri sita za tochi, akaufunga kwa mpira wa baiskeli.

"Betri zinaisha," nikamwambia. "Kwa nini usitumie umeme?"

"Bwana Mwanafunzi, huu ni umeme."

"Ule wa ukutani, nina maana."

"Wa betri naujua. Nimeubeba mwenyewe tangu Katumba. Ule wa ukutani unatoka kwa mtu ambaye simwoni."

Nilicheka. Nilidhani ni woga wa mtu ambaye kwake hakuna nguzo za umeme.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mpiga dramu alisema ni joto la watu. Mwimbaji alisema kuna bendi iliyotuonea kijicho, na alitaja hadi nyumba. Kwa upande wa mjomba, siku ampli iliporudi nilikuta amefunga uzi mweusi kwenye mpini wake, kama ule wanaofungwa watoto wachanga mkononi kuzuia kijicho. Nilimuuliza uzi huo unazuia volti ngapi. Akaniambia nisubiri kupata mtoto ndipo nimuulize.

Mimi nilisema ni ethi. Ukumbi ule wa mabati ulijengwa zamani, na waya wa kupeleka umeme uliopotea ardhini ulikuwa umeng'olewa na mtu aliyeutaka kwa kazi nyingine. Nilieleza kwa kuchora mavumbini. Nilieleza vizuri sana, nadhani hakuna aliyenielewa, na kwa sababu hiyo wote wakakubali. Tukachimba shimo nyuma ya ukumbi, tukapigilia kipande cha bomba la shaba, tukamwagia maji na chumvi. Udongo ulikuwa mgumu. Tulichimba mchana mzima. Mke wa mjomba alipita akauliza tunamzika nani.

Jumapili kulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana. Watu walijaa. Nilisimama kando ya ampli mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Bendi ikaanza, na kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio nikaona vile vioo viwili vya ampli, valvu, vinawaka vyekundu kupita kiasi. Mpiga solo aliacha nyuzi, akaizima ampli kwa kiganja. Fyuzi ilikuwa imekatika tayari. Safari hii ilikuwa fyuzi halisi, na ndiyo iliyotuokoa.

Ukumbi ulipiga miluzi. Mwimbaji akasema kwenye kipaza sauti kisichosikika, "Mtaalamu wetu wa chumvi yuko hapa, muulizeni."

Niliporudi nyumbani sikula. Si kwa aibu tu. Nilikuwa nimeamini jibu kwa sababu lilikuwa langu. Mjomba aliniletea chakula mwenyewe, akaweka chini na kusema, "Angalau sasa tuna shimo."

Kesho yake nilikwenda kwenye nyumba ya mitambo, kule ambako jenereta za dizeli zilikuwa zikiunguruma tangu mchana hadi usiku. Nilimkuta mwendesha mitambo, mtu mfupi mwenye pamba masikioni, amekaa kwenye kiti cha kamba akitazama mita moja ya mviringo ukutani. Nilimuomba aniazime mita.

"Hiyo hapo. Ing'oe uende nayo, mji ulale gizani."

Nikamuuliza kama umeme huwa unapanda na kushuka. Akanitazama kwa huruma. "Unapanda nikiupandisha. Unashuka nikiushusha." Akanionyesha gurudumu dogo la mkono. Watu wa laini ya sokoni, ileile inayoleta umeme ukumbini kwetu, wakilalamika kwamba taa zimefifia, alisema, huuongeza. Mita ikipanda sana, huupunguza.

"Na unajuaje ni wakati gani wa kupunguza?"

"Nikiigeukia mita. Nami nina macho mawili tu, kijana, na dizeli, na maji ya kupozea, na kibuyu changu cha uji."

Niliondoka nikiwa na swali moja zaidi, lakini dogo kuliko la kwanza. Kama sina mita, nina nini kinachobadilika umeme ukibadilika? Nikanunua balbu ya wati sitini na soketi yake, nikaining'iniza ukumbini kwenye swichi ileile ya ampli. Mchana kutwa nilikaa chini yake na gazeti la zamani, nikiandika daftarini kila nilipoona mwanga umebadilika. Ilikuwa ya manjano, imefifia, tena imetulia. Bendi ikaja kufanya mazoezi. Bado ya manjano. Niliandika "hakuna" mara nyingi mpaka neno likapoteza maana.

Alhamisi kulikuwa na shughuli ndogo ya kumuaga mwalimu aliyehamishwa. Mjomba alikataza ampli kuwashwa hata kwa dakika moja, kwa sababu Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na arusi kubwa, ya binti wa karani wa stesheni, na alikuwa ameshakubali kupiga. Mpiga solo akasema, "Tutapiga kavu. Chomekeni balbu ya Bwana Mwanafunzi peke yake. Ikiungua, ataomboleza mwenyewe."

Mwalimu akaingia, watu wakapiga makofi, mjomba akahesabu nne, wakaanza. Sikutazama mtu. Nilitazama balbu. Ikakaa kidogo, kisha ikabadilika mbele ya macho yangu, kutoka manjano hadi nyeupe, nyeupe ya kuumiza, na uzi wake ndani ukawa hautazamiki.

Nikatoka mbio nje. Sikujua natafuta nini. Nilisimama barabarani nikageuka huku na huku. Nguzo zilikuwa zimesimama palepale, waya palepale, mbuzi palepale. Nikasikiliza. Gitaa kavu lilikuja wazi kabisa kutoka ukumbini, kila uzi, na nikajiuliza kwa nini ninalisikia vizuri hivyo.

Ndipo nikatambua kwamba hakuna ngurumo. Ng'ambo ya barabara, hatua kama arobaini, kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Ilinguruma tangu umeme unapokuja mchana hadi jioni, kila siku, na masikio ya mtaa mzima yalikuwa yameacha kuisikia. Sasa ilikuwa imenyamaza.

Nilivuka. Mwenye mashine alikuwa Msukuma mtu mzima, aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini, akauza baadhi yao na kununua mota. Alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Amekaa juu ya gunia, kofia ameiweka gotini, kichwa amekiinamisha upande wa ukumbi. Akina mama wenye ndoo za mahindi walikuwa wamesimama mlangoni, wakicheza mabega taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa, usikilize."

"Baba, mbona mashine imezimwa? Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Nimezima mimi."

"Kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvua kofia kanisani. "Watu wameanza muziki pale. Mgeni wao ameingia. Nami niwangurumie? Mimi sina adabu?"

"Huwa unazima kila siku ya shughuli?"

"Kila siku. Wakianza tu wimbo wa kwanza, nazima. Hawa mama wananijua, wanangoja." Mama mmoja akadakia, "Tunangoja nini? Tunacheza bure bila kiingilio!"

"Na siku za mazoezi?"

"Mazoezi ni kazi. Nao wanafanya kazi, nami nafanya kazi."

Nikakaa chini kwenye unga. Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikamuuliza tangu lini mota ile. Akasema mwaka huu, kubwa, ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ikichoka na mahindi makavu. Yote yalikaa mahali pake. Mota kubwa inakula umeme wa laini ya sokoni. Taa zinafifia, watu wanalalamika, mtu wa mitambo anapandisha. Kisha heshima inaizima mota kwa mkupuo mmoja, na umeme wote ule uliopandishwa kwa ajili yake unakimbilia ukumbini, kwenye ampli yenye transfoma iliyochoka, wakati mtu wa mitambo anakunywa uji. Nikakumbuka maneno ya mpiga solo juu ya umeme unaotoka kwa mtu asiyemwona. Watu walikuwa wawili, na mmoja wao tulikuwa tukimpungia mkono kila siku.

Nikarudi kuieleza bendi habari hiyo. Mwimbaji alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo mzee wa unga ndiye mchawi wetu?"

"Mzee wa unga ndiye msikilizaji wetu bora," akasema mpiga solo.

Tulikwenda watatu kumuomba, mjomba, mpiga solo na mimi. Ombi lenyewe lilikuwa gumu kutamka: Jumamosi, bibi arusi akiingia, tafadhali usizime. Nguruma. Arusi yenyewe ilikuwa inangoja unga kutoka kwake, hivyo hatukuweza kumwambia afunge mapema ili umeme utulie kabla hatujaanza, na saa ya bibi arusi kufika hakuna aliyeijua.

Mzee alikataa. Alikataa kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. "Watasema nimenuna. Watasema sikualikwa. Binti wa watu anaingia, vigelegele vinapigwa, na mimi ngu-ngu-ngu, ngu-ngu-ngu. Hapana, baba. Tafuteni dawa nyingine."

Nikaanza kumweleza volteji. Mjomba akanikanyaga mguu. Kisha mpiga solo akazungumza, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Hakusema habari za umeme. Alisema tu kwamba ampli ile ikiungua, kibali chake hakitaandikwa tena, na kwamba Jumamosi huenda ikawa mara ya mwisho mzee kumsikia.

Mzee akajikung'uta unga mikononi, muda mrefu. "Wewe ndiye unayepiga ile nyembamba? Inayolia?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Basi nitanguruma. Lakini baba wa binti mumwambie nyie. Mwambieni kabla, si baada."

Mjomba alikwenda stesheni jioni ileile kumwambia.

Jumamosi balbu ilining'inia kando ya ampli, ya manjano. Ethi ilikuwepo, maana shimo lilikuwepo. Fyuzi ilikuwa halisi. Mwanzi wa betri ulilala kando ya pedali. Kidogo kabla ya saa kumi tukasikia vigelegele kutoka upande wa kanisani, mjomba akawasha ampli, akahesabu nne. Bibi arusi akaingia, na ngurumo ikaendelea ng'ambo ya barabara. Baadhi ya wazee waligeuza shingo. Karani wa stesheni akawapa ishara ya mkono kwamba anajua.

Kiitikio cha kwanza kikapita. Mpiga solo akakanyaga pedali, gitaa likalia, na ukumbi ukapiga kelele. Nikatazama balbu. Ilikuwa inapauka.

Haikupauka ghafla. Ilipanda polepole, kutoka manjano kwenda rangi ya maziwa. Mashine ilikuwa bado inaunguruma, naisikia, lakini ngurumo yake ilikuwa nyepesi, ya juu. Nikavuka barabara mbio. Akina mama wote walikuwa wameacha ndoo na kwenda kumwona bibi arusi. Mahindi ya arusi yalikuwa yameisha kusagwa. Mzee alikuwa amesimama peke yake mbele ya mashine inayozunguka tupu, mikono imelegea, mtiifu, anasubiri.

"Baba, inazunguka bure! Inataka mzigo!"

"Mzigo gani? Mahindi yamekwisha."

Tukatazamana. Kisha akageuka, akashika gunia la mahindi alilokuwa akilikalia, lake mwenyewe, akakata kamba yake kwa kisu. Nikashika upande mmoja. Tukamimina. Sauti ya mashine ikazama, ikawa nzito, na kupitia mlango wa ukumbi nikaona mwanga wa balbu ukirudi chini kama mtu anayeketi.

Tulimimina gunia zima, kopo baada ya kopo, nyimbo tatu. Mzee alisaga huku akitikisa kichwa kufuata solo. Wakati wa chakula mjomba alizima ampli, nikampungia mzee mkono, akazima mashine. Balbu iliwaka nyeupe kali, ikakaa hivyo mpaka nilipomaliza sahani nzima ya wali, kisha ikashuka yenyewe. Mtu wa mitambo alikuwa ameigeukia mita yake. Ndipo tukawasha ampli tena, na jioni ile yote mzee alikaa ndani ya ukumbi, kwenye kiti cha mbele, mweupe kuliko bibi arusi.

Unga wake hakuutaka. Alisema aliusaga kwa ajili ya arusi, basi ni wa arusi. Mama wa bibi arusi akatuma nusu yake Katumba kwa baiskeli ya mpiga solo, juu ya mfuko wenye pedali, na mjomba akaandika barua ya kibali palepale kwenye meza ya chakula.

Siku ya kurudi chuoni nilimkuta mjomba akiifuta ampli vumbi. Uzi mweusi ulikuwa bado kwenye mpini. Nikamwambia sasa anaweza kuutoa, maana sababu imejulikana.

"Una hakika gani kwamba si uzi?"

"Nimeona balbu."

"Balbu umeiona. Lakini uzi ulikuwepo siku hiyo, au haukuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi utoe. Halafu mwambie mzee azime mashine wimbo wa kwanza. Tuone."

Niliutazama uzi ule. Jaribio lilikuwa rahisi, na lilikuwa sahihi, na mwalimu wangu yeyote angelidai. Nikafikiria njia ya Katumba, na baiskeli yenye unga, na kibali kinachotegemea ampli ile. Treni ikapiga honi. Nikabeba begi langu, na uzi nikauacha pale ulipo.